Barua ya wazi: Kila mjamzito wa Kisumu apate altrasaundi kabla ya wiki ya 14

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kisumu, Waziri wa Afya wa Kaunti, Waheshimiwa Wawakilishi Wadi, na wasimamizi wa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA)

Waheshimiwa,

Mimi ni mkunga katika kituo cha afya cha umma huku uwanda wa Kano. Ombi langu nalitaja mapema ili lisipotee katikati ya maneno: kila mwanamke mjamzito wa kaunti hii apigwe picha ya altrasaundi kabla mimba haijatimiza wiki 14. Apigwe katika kituo cha afya kilicho karibu na kwake, na mkunga au afisa wa kliniki aliyefunzwa kazi hiyo, bila kutoa hela mfukoni. Tarehe ya kujifungua itakayopatikana siku hiyo iandikwe kwenye kitabu chake cha kliniki, na kila atakayemhudumia hadi ajifungue aifuate hiyo.

Najua mtauliza mbona nahangaika na tarehe wakati kina mama wanakufa kwa kuvuja damu, presha na maambukizi. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba Kenya hupoteza wanawake 355 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ukaonyesha kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 21 hawamalizi mwezi wa kwanza. Mimi hukutana na vifo hivyo vikiwa na nyuso na majina. Na kila nikivirudia kichwani, narudi kwenye swali lile lile ambalo hatukuwa na jibu lake: mimba hii ilikuwa ya wiki ngapi?

Njooni siku ya kliniki mketi nami asubuhi moja. Mama anaingia, namkaribisha, namuuliza siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho. Anatazama dari. "Sista, nilikuwa nimemaliza kupanda mpunga." Namuuliza mpunga upi, wa ndani ya skimu ya umwagiliaji ya Ahero au wa nje, kwa sababu wa skimu hufuata zamu za maji na wa nje hufuata mvua, na kati ya hizo mbili panaweza kuwa na tofauti ya mwezi na zaidi. Anayemfuata anakumbuka matanga ya baba mkwe wake. Mwingine anakumbuka wiki ambayo shule zilifunguliwa. Yule anayenyonyesha hajaona hedhi tangu ajifungue mtoto anayembeba mgongoni. Aliyekuwa kwenye sindano ya kupanga uzazi ameona damu ikija na kupotea bila mpango. Hawa ni wanawake wenye akili timamu na kazi nyingi, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba siku hiyo ingekuja kuwa na uzito kiasi hiki.

Basi nazungusha lile gurudumu la kuhesabia wiki, naandika tarehe. Namlaza kitandani, napapasa tumbo, nanyoosha utepe kutoka mfupa wa kinena hadi ncha ya juu ya mfuko wa uzazi. Utepe unasema wiki 24. Gurudumu lilisema 29. Nifuate lipi?

Hapa ndipo kanda ya ziwa ina shida yake yenyewe, na naomba mnisome polepole. Malaria kwetu iko mwaka mzima. Vijidudu vyake hujificha kwenye kondo la nyuma, ambako kipimo cha damu ya kidoleni kinaweza kuvikosa, na huko humpunguzia mtoto chakula na hewa. Mama naye damu inapungua. Mtoto anaendelea kuishi, lakini anakua kwa shida. Kwa hiyo tumbo dogo katika kliniki ya Kano lina maana mbili. Huenda mimba ni changa na mtoto ni mzima kabisa, tarehe ndiyo iliyokosewa. Au mimba ni kubwa na mtoto amedumaa, na anahitaji kuangaliwa kila baada ya siku chache, pengine hata kutolewa mapema kabla hajafia tumboni. Wa kwanza ukimharakisha umemdhuru. Wa pili ukimsubirisha umempoteza. Utepe hauwezi kuwatofautisha.

Watu hudhani altrasaundi ya miezi saba itatatua. Haiwezi. Mashine wakati huo hukadiria umri wa mimba kwa kupima kichwa, tumbo na mfupa wa paja, yaani kwa ukubwa wa mtoto. Ukiipelekea mtoto aliyedumaa, itakwambia kwa utulivu kabisa kwamba mimba ni changa. Baada ya wiki 28 makosa ya wiki tatu ni jambo la kawaida. Ila katika miezi mitatu ya kwanza watoto wote hukua karibu kwa mwendo mmoja, wa tajiri na wa maskini, wa Nyeri na wa Nyando. Mtaalamu hupima urefu wa mtoto kutoka utosini hadi matakoni, kwa milimita, na makosa yake ni siku tano hadi saba tu. Hiyo nafasi ikipita haipatikani tena. Hakuna mashine, hata ya bei gani, itakayoirudisha mwezi wa saba.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa 2016, lilishauri kila mjamzito apate altrasaundi moja kabla ya wiki 24. Mimi naomba wiki 14, kwa sababu ya haya niliyoeleza na kwa sababu ya malaria yetu.

Sasa tazameni ni maamuzi mangapi yanaegemea tarehe hiyo. Dawa ya SP ya kukinga malaria huanza wiki ya 13, haitolewi kabla ya hapo, halafu hurudiwa kila kliniki mradi mwezi umepita. (Mama anayetumia Septrin kwa sababu ya virusi vya ukimwi yeye hapewi SP, na wengi wetu hapa tunalijua hilo kwa kulifanya kila siku.) Nikidhani mimba ni ya wiki 10 kumbe ni 15, nimemnyima kinga. Mama aliyewahi kupata presha ya mimba, au mwenye kisukari au ugonjwa wa figo, hushauriwa kutumia aspirini kidogo kila siku, na inafaa kuanzwa kabla ya wiki 20. Utafiti mmoja uliofanywa Ulaya na Israeli na kuchapishwa 2017 ulichagua wanawake walio hatarini kwa kuwapima kati ya wiki 11 na 14, ukawapa aspirini kila usiku, na presha ya mimba inayolazimisha mtoto atoke kabla ya wiki 37 ikapungua kwa asilimia 62. Aspirini ni miongoni mwa dawa za bei rahisi kabisa katika duka la dawa. Tunachokosa ni kumjua mwanamke huyo mapema.

Kuna lile la kuanzishiwa uchungu. Msichana mmoja wa hapa jirani, mimba yake ya kwanza, alitumwa hospitali moja (sitaitaja), kwa kuwa kitabu chake kilionyesha amepitisha siku. Tarehe ilitokana na kumbukumbu, na kumbukumbu ilitokana na sikukuu. Akaanzishiwa uchungu. Nilimwona mtoto kwa sababu mama yake ni mtu wangu na niliitwa. Ngozi ilikuwa nyembamba, mishipa yote inaonekana. Mabegani alikuwa na vile vinyweleo laini ambavyo mtoto aliyetimiza miezi huwa ameshavipoteza. Nikaugeuza wayo wa mguu: laini tupu, mistari ni miwili tu karibu na vidole. Mtoto aliyepitisha siku nyayo zake huwa zimejaa mikunjo hadi kisigino. Huyu alikuwa bado na wiki kadhaa za kukaa tumboni. Alihema kwa kukoroma, mbavu zikiingia ndani kila pumzi, na usiku ule ule akafariki. Kwenye daftari sababu iliyoandikwa ni kushindwa kupumua. Ni kweli, alishindwa kupumua. Lakini hakuna safu ya kuandika kwamba tarehe ilikosewa tangu siku ya kwanza.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa hapa Kenya kwa namna ambayo kila msimamizi wa afya anapaswa kuijua. Kuna sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, anazopewa mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2015 ulihimiza matumizi ya sindano hizo katika maeneo ya mashinani ya nchi sita, Kenya ikiwemo, mahali ambapo umri wa mimba mara nyingi ulikuwa wa kukisia. Wengi waliodungwa hawakuzaa watoto wadogo. Badala ya kupungua, vifo vya watoto wachanga kwa jumla vilipanda kutoka 23.9 hadi 27.4 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai. Kisha 2020 ukachapishwa utafiti mwingine, safari hii katika hospitali za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan, na umri wa kila mimba ulithibitishwa kwa altrasaundi kabla ya sindano. Vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6. Dawa za jamii moja, na Kenya ikiwemo mara zote mbili. Palikuwa na tofauti nyingine pia, kwa kuwa wa pili ulifanyika hospitalini kwenye wahudumu na vifaa vya kumtunza mtoto mdogo. Lakini huenda kuijua tarehe ilikuwa sehemu kubwa ya tofauti hiyo, na WHO hadi leo husema sindano hizo zitolewe pale tu umri wa mimba unapoweza kujulikana kwa uhakika.

Waheshimiwa, nisingependa mmalize aya hiyo na kukimbilia kutangaza zabuni ya mashine. Mashine peke yake haitaokoa mtu, na hilo nalo limepimwa. Utafiti uliochapishwa 2018, uliofanyika Kenya, Kongo, Zambia, Guatemala na Pakistan, ulipeleka altrasaundi kwenye vituo vya mashinani, kina mama wakapigwa picha karibu na mwezi wa tano na tena mwezi wa nane. Vifo vya kina mama na vya watoto havikupungua. Idadi ya waliojifungulia hospitalini haikuongezeka. Kuna watakaoutumia utafiti huo kuwaambia kwamba altrasaundi ni anasa. Mimi nausoma hivi: picha ilionyesha tatizo, kisha mama akarudishwa katika mfumo ule ule usio na damu ya kumwongezea, usio na gari, na wenye hospitali ya rufaa inayompokea kana kwamba hana historia yoyote. Ni sawa na kumwonyesha mtu nyumba yake inaungua bila kumpa maji. Na tena, picha ya kwanza katika utafiti huo ilipigwa kati ya wiki 16 na 22, ambapo baadhi ya mambo ninayoyadai hapa yalikuwa yamekwisha kupita.

Nchi hii inakumbuka mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali ulioanza 2015, ule wa shilingi bilioni 38 kwa hesabu ya kwanza, ambao Seneti iliuchunguza na kutoa ripoti 2020. Vifaa vilipelekwa kwenye hospitali ambazo nyingine hazikuwa na umeme wa kutosha, wala chumba, wala mtu wa kuvitumia. Tusirudi huko. Mashine ninayoizungumzia siku hizi inatosha kwenye mkoba, nyingine huunganishwa na simu au tableti, na huendeshwa kwa betri siku ambazo umeme umekatika, yaani siku nyingi huku kwetu. Mkono wa kuishika ndio gharama kubwa, na huko ndiko pesa zianzie.

Mafunzo hayo yasiwe ya wikendi moja hotelini. Nitoe mfano mmoja. Mama amekuja mapema, mimba ya wiki sita, anayeshika mashine haoni moyo wa mtoto ukidunda. Je, mtoto amekufa? Kanuni inayotumika duniani inasema usiseme amekufa mpaka urefu wake uwe umefika milimita 7 na moyo haudundi, au mfuko umefika milimita 25 na hamna mtoto ndani yake. Chini ya hapo, mwambie mama arudi baada ya wiki moja au mbili upime tena. Mtu asiyeujua mpaka huo atampa mwanamke tembe za kusafisha mimba iliyo hai. Mwingine ataacha kipimo cha Doppler kikilenga kiinitete dakika nzima akifurahia sauti ya moyo, wakati miongozo inataka katika wiki hizo tutumie nguvu ndogo na muda mfupi. Altrasaundi haina mionzi kama ya eksirei, na kina mama wanaoambiwa mtaani kwamba "inachoma mtoto" wanadanganywa, lakini kuwa salama hakumaanishi ichezewe.

Kwa hiyo mkunga afunzwe kwa wiki kadhaa, apige picha nyingi akiwa chini ya jicho la mtaalamu, apewe mtihani, na baadaye picha zake zikaguliwe mara kwa mara. Kisumu ina Chuo Kikuu cha Maseno, ina tawi la KMTC (chuo cha mafunzo ya utabibu), ina Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wazee bado wanaiita Russia. Walimu mnao ndani ya kaunti. Na asifundishwe kila kitu. Katika kituo cha afya mkunga anahitaji kujibu maswali machache tu: mimba iko ndani ya mfuko wa uzazi? mtoto yu hai? ni mmoja au ni mapacha? ana wiki ngapi? Kupima ule utando wa maji shingoni na kutafuta kasoro za maumbile kubaki kwa wataalamu wa hospitali ya rufaa, ingawa kasoro kubwa kama mtoto asiye na fuvu la juu huweza kuonekana kuanzia wiki ya 11 hadi 14, na mkunga anayeiona awe na mahali pa kumtuma mama siku hiyo hiyo, na mtu wa kuketi naye na kumweleza.

Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi inanisumbua kuliko zote kwa sababu inaua mwanamke ambaye hata majirani hawajui kama ni mjamzito. Mara nyingi hupasuka kati ya wiki ya sita na ya kumi. Damu humwagikia tumboni, nje haionekani nyingi, na mama hudhani ni maumivu ya tumbo tu. Anafika kwetu midomo imekuwa myeupe. Kutoka Ahero hadi mjini barabara kuu ni nzuri, lakini Mto Nyando ukifurika mwezi wa nne, kumtoa mtu ndani ya uwanda hadi kwenye lami ni kazi ya wanaume wanne na boda boda inayosukumwa. Huyo angegunduliwa wiki moja kabla, angekwenda hospitali kwa miguu yake mwenyewe.

Mapacha nao. Bado tunawagundua chumba cha kujifungulia, wa kwanza ameshatoka. Kujua kama wanachangia kondo moja ni rahisi kabla ya wiki 14, kwa kuangalia utando ulio kati yao unavyoungana na kondo. Baada ya hapo inakuwa vigumu. Wanaochangia kondo wanaweza kunyang'anyana damu, na kuanzia wiki ya 16 inafaa waangaliwe kila wiki mbili.

Lakini hata mkinipa mashine kesho, wengi wa kina mama watanifikia wamechelewa. Ule utafiti wa kitaifa wa 2022 unasema asilimia 98 ya wajawazito walihudumiwa kliniki na mtaalamu angalau mara moja, ila waliofika mara nne au zaidi ni asilimia 66, na WHO sasa inataka mara nane, ya kwanza ikiwa kabla ya wiki 12. Sababu nazijua. Huku kwetu mimba changa haitangazwi. Watu wanaogopa midomo ya watu na macho yao. Msichana wa shule anaficha. Wengine husubiri mwezi wa sita kwa makusudi, kwa kuwa altrasaundi wanayoijua ni ya kuonyesha kama ni msichana au mvulana, na wanataka kuilipia mara moja tu.

Na kuna sababu inayotoka kwetu wahudumu, nayo inanikera. Katika vituo kadhaa mama anayekuja na mimba ya miezi miwili huambiwa arudi tumbo likionekana. Ametafuta nauli, ameacha shamba, amevunja ukimya wake, halafu anaambiwa mimba yake bado haijastahili kuandikwa. Huyo hatarudi mwezi wa tatu. Waziri wa Afya wa Kaunti anaweza kulikomesha hili kwa barua ya ukurasa mmoja: mwanamke yeyote mwenye kipimo cha mimba kilichokubali aandikishwe siku hiyo hiyo, apewe kitabu, apewe tembe za madini ya chuma na foliki asidi, apangiwe siku ya picha. Halihitaji bajeti.

Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaweza kutusaidia kuliko mabango. Tangu 2023 wanatembea nyumba hadi nyumba na mikoba yao. Wapewe vipimo vya mkojo vya mimba kwa wingi. Mwanamke atamwambia mhamasishaji, ambaye ni jirani yake na anayejua kunyamaza, jambo ambalo hatalisema kwenye foleni mbele ya wifi zake. Ila marupurupu yao yalipwe kwa wakati, kwa sababu nawaona wakikopa nauli ya kuja kuleta ripoti. Na chumba cha altrasaundi kiwe na pazia na mlango unaofungwa. Mwanamke anayeficha mimba ya wiki tisa hawezi kulala kitandani kwenye ukumbi ambao mama mkwe wake anauona akiwa kwenye benchi.

Kwenu SHA. Picha moja ya tumbo kwenye kliniki za kibinafsi mjini ni shilingi elfu moja hadi elfu tatu. Mwanamke anayeng'oa magugu kwenye mpunga wa watu hawezi kuitoa, na akiweza ataitoa mwezi wa nane akiwa na maumivu. Mfuko wa Afya ya Msingi uliundwa ili huduma za zahanati na vituo vya afya zisitegemee mchango wa mtu. Iwekeni altrasaundi ya kwanza ya mimba humo, kwa jina lake, kwa bei inayoeleweka, na kituo kilipwe ndani ya muda. Mkiiacha chini ya bima inayotaka mchango wa mwaka kwanza, mama mwenye mimba ya wiki nane hatakuwa amekamilisha mchango huo kabla wiki 14 hazijapita. Sheria ya 2023 ya kuboresha ufadhili wa vituo imeruhusu hospitali kubaki na mapato yake. Basi kuwe na fungu la jeli, betri na matengenezo, kwa sababu mashine nyingi za umma hulala kwa kukosa kitu cha shilingi mia chache.

Rufaa nayo iandikwe upya. Mkunga akiona mimba nje ya mfuko wa uzazi awe na nambari moja ya kupiga, ambulansi ianze safari bila kuuliza nani atalipia mafuta, na daktari anayempokea awe ameshaiona picha kwenye simu yake kabla mgonjwa hajafika. Damu iwepo Ahero na Pap Onditi, isiwe mjini peke yake. Na hospitali kubwa ziiheshimu tarehe iliyotoka kijijini. Mara nyingi mama hufika na kitabu chenye altrasaundi ya wiki 11, akapigwa nyingine ya wiki 33, na tarehe ya kwanza ikakatwa kwa kalamu nyekundu. Ya kwanza ndiyo sahihi. Pigeni chapa kwenye ukurasa wa mbele wa kitabu: tarehe hii haibadilishwi.

Kipengele cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na afya ya uzazi imetajwa humo kwa jina. Huduma hizi zilikabidhiwa kaunti tangu 2013. Siombi hisani.

Makadirio ya bajeti yanapaswa kufika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na kupitishwa kufikia tarehe 30 Juni. Kabla ya hapo kuna vikao vya kutoa maoni katika kila wadi. Sisi wakunga wa Kano tutahudhuria, na baadhi ya kina mama wameahidi kuja nasi. Tutabeba daftari la kliniki likiwa na majina yamefunikwa, ili Mheshimiwa yeyote anayetaka aone kwa macho yake safu ya umri wa mimba, jinsi ilivyojaa alama za kuuliza na tarehe zilizofutwa na kuandikwa tena. Tungependa siku hiyo mtuonyeshe mstari wa bajeti unaosema ni wakunga wangapi watafunzwa, katika vituo vipi, kuanzia mwezi gani. Tukiuona, majina ya walio tayari kufunzwa tunayo tayari, na la kwangu liko juu ya orodha.

Wenu,
Mkunga, uwanda wa Kano, Kaunti ya Kisumu